Alinipigia Simu, Nikamwambia Atazoea

Same, Jumapili alasiri

Namkunda mwanangu,

Umepanda mlimani na mama yako kumuaga bibi, na mimi nikasema goti linanisumbua. Goti halina shida. Nilitaka kubaki peke yangu niandike haya kabla hamjarudi, kwa sababu kesho asubuhi stendi kutakuwa na watu, na haya si maneno ya kusemea stendi.

Mambo ya mizigo, ya kula kwa wakati na ya watu wa kujihadhari nao, mama yako ameanza kuyasema tangu Alhamisi na ataendelea mpaka basi liondoke. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka tisa.

Jumanne ulikuja dukani ukanionyesha skrini uliyowachorea hawa watu wa Dar wanaokuajiri. Ukagusa kitufe, kisanduku kikapanda katikati, na kila kilichokuwa nyuma yake kikayeyuka taratibu kikawa ukungu. Ukasema, "Ona, baba. Jicho halipotei. Linakwenda pale pale tu." Nami nikakurudishia simu, nikasema kuna mteja ananisubiri nje. Hakukuwa na mteja. Nilizunguka nyuma ya duka nikasimama pale tunapotupa maboksi. Niliporudi ulikuwa umeondoka, na jioni nikakusikia jikoni ukimuuliza mama yako, "Baba hajaipenda kazi yangu?"

Kazi yako ni nzuri, Namkunda. Ni safi kuliko niliyowahi kufanya mimi. Nilitoka kwa sababu nilishatengeneza ukungu kama huo, na kuna mtu alikufa.

Unajua kwamba kabla ya duka hili la kutengeneza simu nilikuwa natengeneza programu zenyewe. Nilikuambia mradi uliisha nikarudi kwenye mambo ya mkono. Mradi uliisha kweli. Ila sikukuambia ulipitia wapi kabla ya kuisha.

Ilikuwa kampuni ndogo ya Dar, na mimi nilikuwa mtu wao wa huku. Programu yetu ilikuwa ya kuita gari la wagonjwa. Nesi anafungua orodha ya zahanati, anagusa jina la zahanati aliyopo, kisanduku kinatokea kumuuliza kama ana uhakika, anagusa NDIYO, na dereva aliyeko hapa mjini anapata ombi kwenye simu yake. Wakati ule kule juu kupiga simu kulikuwa kwa kubahatisha, sauti inakatika hujamaliza hata kutaja kijiji. Ombi letu lilikuwa dogo, likipata mtandao wa nusu dakika linapita. Niliipenda kazi ile. Niliwafundisha manesi mmoja mmoja, nikiwafuata kwenye zahanati zao, na wengi walinijua kwa jina lako: Baba Namkunda.

Mmoja wao alikuwa Niwaeli. Wewe unamjua kama yule mama wa tangawizi anayeishi upande wa juu, ukipita nyumba ya bibi. Siku zile alikuwa nesi, na alikuwa peke yake kwenye zahanati mbili: Mteke Juu, kule milimani, na Mteke Bondeni, chini kabisa tambarare, alikokuwa anashuka siku mbili kwa wiki. Ndiyo maana ilibidi kila mara achague yuko wapi. Majina hayo mawili yalikuwa yamefuatana kwenye orodha, moja juu ya jingine.

Katika toleo la kwanza, kisanduku kikitokea, nyuma yake palikuwa panaingia giza kidogo tu. Jina ulilochagua liliendelea kuonekana, limekolezwa kijani. Sikulifanya kwa akili yoyote. Ndivyo ilivyotokea.

Kisha nikaenda Dar kwenye mkutano, nikaona simu ya mwenzangu mmoja. Ilikuwa simu mpya, ya bei mbaya, na kila kisanduku kilichotokea kiliacha nyuma ukungu laini kama kioo cha bafuni. Nikaona ya kwetu ni ya kizamani. Kulikuwa na wageni wanakuja kuitazama kazi yetu, nami nikataka waone kwamba hata mtu wa Same anajua mambo haya. Nilikaa siku mbili nikauweka ukungu ule. Nikajipa na sababu, kwamba nesi asichanganywe na maandishi mengi. Karibu maneno yako yale yale ya Jumanne. Niliujaribu kwenye simu ya ofisi, ofisini, mezani. Sikuujaribu kwenye simu ya Niwaeli, yenye kioo kilichopasuka pembeni, juani, mlangoni mwa zahanati.

Wiki ile ile akanipigia. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi nakula muhogo wa kukaanga.

"Baba Namkunda, hii programu mmeifanya nini?"

"Tumeiboresha, dada. Umeionaje?"

"Sioni jina. Zamani kabla sijabonyeza ndiyo nilikuwa natazama pale nyuma, nahakikisha ni Mteke ipi. Sasa ni weupe tu, kama moshi wa kuni mbichi. Na simu inakuwa nzito."

"Ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi, dada. Utazoea."

"Haya," akasema. "Nyie ndio mnaojua."

Nikamaliza muhogo wangu. Ulikuwa unatakiwa mstari mmoja tu ndani ya kisanduku: jina la zahanati, kisha swali. Sikuandika hata mahali nisije nikasahau.

Baada ya kama mwezi hivi, wakati wa mvua, mwanamke aitwaye Salome alijifungua Mteke Juu mchana, uzao wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma halikutoka lote, na damu ikagoma kusimama. Niwaeli alifanya yote anayoweza kufanya nesi aliye peke yake. Mume wa Salome, Eliamani, alikuwa nje chini ya bati, na mvua ilikuwa inapiga. Saa nane Niwaeli akavua glovu ya mkono mmoja, akajifuta kwenye gauni, akafungua programu yangu. Kidole kilikuwa na maji. Kikagusa Mteke Bondeni.

Kisanduku kikatokea. Una uhakika? Ndiyo. Hapana.

Mimi niliziona kumbukumbu za mfumo baadaye. Kati ya kugusa jina na kugusa NDIYO zilipita sekunde nne. Wengine wote walikuwa wanatumia moja.

Gari liliondoka hapa mjini mara moja, likashuka tambarare. Dereva akakuta zahanati imefungwa kwa komeo, mlinzi anamwambia nesi leo yuko juu. Akampigia, hapatikani. Juu kule Niwaeli alikuwa anamwambia Salome, "Vumilia, gari linakuja," na alikuwa anaamini. Kila baada ya muda alimtuma Eliamani mpaka kwenye kona akasikilize kama kuna mlio wa injini. Dereva alipogeuza, akapanda ile barabara ya matope mpaka akafika, ilikuwa saa kumi na moja na zaidi. Salome alikuwa amekufa saa kumi.

Mtoto alipona, wa kike. Walimpa jina la mama yake.

Kukawa na kikao cha kuuliza nini kilitokea. Kabla ya kikao mkubwa wangu wa Dar alinipigia. "Jibu unachoulizwa," akasema. "Usiongeze." Daktari mmoja alieleza kwamba gari lingefika saa tisa na nusu mgonjwa angeweza kupona. Alisema angeweza, hakusema angepona. Nimeling'ang'ania neno hilo miaka mingi, na halijawahi kunisaidia.

Kisha wakaniuliza kama mfumo ulikuwa na hitilafu siku ile. Nikasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa. Nilichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana kilinichafua kiasi kile.

Niwaeli akasimama. Alikuwa amevaa sare yake, imepigwa pasi. Akasema, "Mimi nilimpigia huyu. Nilimwambia sioni jina."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilikuwa nakumbuka kila neno. Nilikuwa nakumbuka mpaka chumvi ya ule muhogo. Nikasema, "Tunapokea simu nyingi za watumiaji. Hiyo siikumbuki."

Wakamuuliza kama ana ushahidi. Hakuwa nao. Akaketi. Hakunitukana, wala hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama njia aliyoizoea na kukuta daraja halipo. Waliokuwa mle ndani waliamua kwa yale waliyoambiwa, siwalaumu. Yeye akaondolewa kazini. Mimi nikarudi ofisini nikauandika ule mstari mmoja. Ulinichukua dakika kumi. Sikumwambia mtu kwamba nimeuweka.

Nilimweleza mama yako tu. Akasema, "Nenda kaseme. Bado hawajaandika barua ya mwisho." Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho yake nikamwambia wiki ijayo. Wewe ulikuwa darasa la saba, na labda unakumbuka mwaka ambao mimi na mama yako tulikuwa tunazungumza kupitia kwako. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako sina njaa." Ulidhani ni nini? Hujawahi kuniuliza, na nilishukuru kwamba huulizi. Huo ndio ubaba nilioufanya mwaka ule.

Sasa nifike kwenye jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, ambalo ndilo limenikalisha hapa.

Krismasi iliyofuata tulikuwa kwa bibi, ukoo mzima, na Niwaeli alikuja kusaidia jikoni kama jirani. Kabla ya chakula akapita na jagi na beseni kutunawisha mikono. Alipofika kwako ukarudisha mikono nyuma. Ukasema, na sauti yako haikuwa ndogo, "Mimi sinawi kwa huyu. Huyu aliua mtu."

Bibi akakukaripia kwa Chasu, Kipare chetu. Niwaeli akasogea kwa aliyefuata, na aliyefuata nilikuwa mimi. Nikanyoosha mikono. Akanimwagia maji. Nikasema, "Asante."

Tulipokuwa tunateremka jioni uliniuliza, "Baba, si ni kweli aliua mtu?"

Nikakujibu, "Hayo yaachie wakubwa."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulisema ulichosikia shuleni, na aliyekuwa anajua ukweli alikuwa ameketi kando yako, mikono yake inachuruzika maji. Kosa lile usilibebe wewe. Mimi nilikupa nafasi ya kulifanya, na nikakuacha ukue nalo bila kujua ni kosa.

Mradi uliendelea miaka miwili mingine. Nilipewa cheti. Unakikumbuka, kilikuwa sebuleni, kisha siku moja hakikuwepo na mama yako hakuuliza. Nikaacha programu, nikafungua duka. Kioo kimevunjika, unaweka kingine, mteja anaondoka nacho mkononi amekiona. Nilitaka kazi ambayo matokeo yake yanaishia juu ya meza.

Mwaka jana ulitupigia kutoka chuo ukasema umechagua uchoraji wa skrini. Ulikuwa na furaha mpaka maneno yanagongana. Mama yako alipokata simu alinitazama, na kesho yake nikapanda mlimani.

Nilimkuta Niwaeli shambani anachimba tangawizi. Amekonda, mgongo umepinda. Nikamsalimu, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Baba Namkunda." Hakuacha kuchimba.

Nikamwambia simu yake ninaikumbuka. Kwamba niliikumbuka siku ile ile kwenye kikao. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini yalikwisha hapo.

Akaweka jembe chini. "Nilijaribu kusoma," akasema. "Watu wanasema nilibonyeza haraka. Mimi nilikitazama kile kisanduku nikijaribu kusoma kilichoko nyuma yake. Halafu nikasikia Salome ananiita."

Ndizo zile sekunde nne.

Baadaye akaniuliza, "Sasa unataka nini kwangu?"

"Unisamehe."

"Mimi nilishakusamehe, maana nilikuwa silali. Lakini watu hawajui. Eliamani hajui. Unataka na mimi nikufichie?"

Nikasema hapana. Akashika jembe lake. "Basi nenda kawaambie. Usije tena kuniambia mimi. Mimi najua."

Eliamani alihamia Kihurio kwa ndugu zake, analima mpunga. Nilimkuta majini, akatoka, tukasimama kwenye tuta. Nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa kikaoni. Alisikiliza akitazama maji yanavyoingia kwenye jaruba.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

"Ni mimi zaidi kuliko yeye."

"Alikuja msibani," akasema polepole. "Nikamfukuza. Alikuwa amembeba mtoto wangu, nikampokonya, nikamfukuza mbele za watu." Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani ningepata nafuu. Hakunipa nafuu hiyo. "Nenda," akasema. "Nenda kabla mtoto hajarudi kutoka shule. Sitaki akukute hapa."

Mchungaji wa Mteke Juu aliniruhusu kusimama baada ya ibada. Nikasema mbele ya watu wote. Unajua kilichotokea? Walikuja kunipa mkono mimi. Mzee mmoja akaniambia nina moyo wa ujasiri. Niwaeli alikuwa ameketi benchi la nyuma, na mpaka nilipotoka nje hakuna aliyekuwa amemfuata. Niliandika pia kwa wakubwa zake wa zamani. Wakanijibu kwa adabu kwamba barua imewekwa kwenye jalada lake, na kwamba umri wake wa kazi umeshapita. Kule kijijini bado kuna wanaomwita "nesi yule." Nilidhani nikisema ukweli mambo yatarudi mahali pake. Hayakurudi. Kilichobadilika ni kwamba sasa yanajulikana.

Eliamani alipanda mlimani kwa Niwaeli mwezi wa nane, yeye na mtoto. Bibi aliwaona wakipita. Walikaa ndani mpaka jua likashuka. Nini kilisemwa, Niwaeli hajamwambia mtu, na mimi si wa kuuliza.

Mwanangu, sikuandikii haya uache ukungu wako. Uweke, ukipendeza. Ila mtafute mtu atakayeutumia, mkute mahali pake, simu ikiwa ni ya kwake, mikono ikiwa na kazi nyingine, ukae kimya umtazame. Akikuambia haoni, haoni. Usimfundishe kuona.

Na utakosea. Si labda, utakosea, kwa sababu unafanya kazi ya kweli. Siku hiyo watakuwepo watu wazuri kabisa watakaokushauri ujibu unachoulizwa tu. Mimi nilikuwa na siku moja ambayo kusema kungenigharimu kazi na aibu, na kungemwachia Niwaeli sare yake. Siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya kwanza. Ya tatu nikaanza kuzoea. Niliposema hatimaye, hakukuwa na kitu cha kuokoa isipokuwa jina lake, nalo sikuliokoa lote.

Ningeweza kukuacha uondoke ukiwa na baba unayemfikiria. Nimekaa na kalamu hii tangu mtoke nikilitamani hilo. Lakini ungekuwa huko, siku moja kitu chako kimemuumiza mtu, ungetaka kumpigia mtu simu, na ungesita, ukidhani baba yako hawezi kuelewa.

Nipigie. Saa yoyote, hata kama umekasirika na haya niliyoandika na umeapa hutaongea nami. Na ukirudi Desemba, kama utataka kupanda kwa Niwaeli, sitakuomba unichukue. Nenda wewe. Msalimie, kisha umwambie mwenyewe lile unaloona linafaa. Ataelewa umetoka kwa nani.

Nasikia mbwa wa jirani, nadhani ndio mnarudi. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa mbele wa begi. Uisome ukishafika.

Mimi baba yako, na sasa unanijua.